Siku Unyayo Wangu Ulipotazamwa

Nilisikia maji yakikoma. Macho nilikuwa nimeyafumba, kama tunavyofumba wote pale, na masikio yangu yalikuwa yakilifuata jagi: maji yakimiminika juu ya mguu, yakidondokea kwenye beseni, akina mama wakiimba taratibu chumba kizima. Kisha kwenye beseni langu peke yake kukawa kimya. Mkono ulioshika kisigino changu ulibaki pale pale. Haukusugua, wala haukuachia.

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Leo sifa zangu kwake zinaanzia kwenye kimya kile.

Mimi ni Nanzia, fundi cherehani wa hapa Suji. Mkiona kwaya yetu imesimama na sare za bluu, mjue kila mshono umepitia kwenye mguu wangu wa kulia, maana cherehani yangu ni ya kukanyaga na huo ndio mguu ninaoutegemea. Mkono hukata, jicho huongoza, lakini mguu ndio unaolisha watoto wangu wawili. Na chini ya mguu huo, kisiginoni, palikuwa na doa jeusi.

Wasomaji wa mbali mtaniuliza, ulikaaje na doa hilo bila kuhangaika? Niwaeleze desturi yetu. Huku milimani maji ya mashamba tunayakusanya kwenye ndiva, bwawa la udongo walilotuachia babu zetu, na mvua zikikaribia tunaitana msaragambo, kijiji kizima, kulizoa tope. Ndani ya ndiva hakuna anayeingia na viatu. Wazee wanasema kiatu kinachimbua udongo wa chini na maji yanavuja, lakini unyayo mtupu unaushindilia. Basi tunaingia pekupeku, mwalimu na mkulima, tunakanyaga tope tukiimba, na jioni tunatoka na miiba. Ukingo wote umepandwa mkonge, na ncha za mkonge hazichagui mguu wa mtu. Kwa hiyo mtu wa Suji akiona weusi chini ya unyayo, haulizi ni nini. Anauliza nani ana pini.

Nasi kwenye ukoo wetu mwenye pini ni Shangazi Namkunda, dada yake marehemu baba. Huifunga kwenye pindo la kanga yake kama wengine wanavyofunga ufunguo. Amewatoa miiba watu wa marika matatu. Baada ya msaragambo mmoja nilimpelekea mguu wangu, jua likiwa limeshazama nyuma ya mlima, akauchokonoa kwa mwanga wa simu.

"Mguu mgumu kama kwato za punda," alisema. "Tulia! Nimekigusa kipande."

"Kimetoka?"

"Kimetoka kidogo. Kilichobaki kitajileta chenyewe."

Hakikujileta. Msaragambo uliofuata nilirudi tena kwake, akachokonoa tena, damu ikatoka, weusi ukabaki. Mimi ni fundi, kila kitu napima kwa vitu vya kazi yangu. Mwanzoni doa lile nililifunika kwa kifungo cha shati. Baadaye nikaweka kifungo cha koti juu yake, na weusi ukachungulia pembeni. Lakini halikuuma, ndugu zangu! Lingeuma ningepiga kelele. Lilinyamaza tu kule chini, nami nikawa namwomba Mungu kila asubuhi autoe ule mwiba, maana nilijua ni mwiba.

Sasa nirudi kwenye maji.

Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, tunaoshana miguu. Wanaume wana chumba chao, sisi chetu, wawili wawili. Ni ibada ninayoipenda kuliko zote. Lakini tuseme ukweli wa jinsi tunavyoifanya. Kila mmoja huja ameshasugua miguu nyumbani kwa jiwe na kuipaka mafuta. Tunamwagiana maji juu ya mguu, tunafuta, tunakumbatiana, tunaombeana. Kuupindua unyayo wa mwenzako na kuutazama ungeonekana unamchunguza, na sisi ni watu wa adabu. Nimeoshwa miguu na akina mama wengi wanaonipenda kwa dhati, na hakuna hata mmoja aliyeona chini.

Sabato ile nilipangwa na mgeni. Dokta Upendo ndiyo kwanza alikuwa amehamishiwa zahanati yetu kutoka Mbeya, binti mwembamba, mpole, kijana kuliko mimi. Hakujua tunavyoosha. Alichukua mguu wangu mikononi akauinua, akaanza kuuosha kama mama anavyomwosha mtoto aliyetoka kucheza, juu, kati ya vidole, kisha chini. Hapo ndipo maji yalipokoma.

 Baada ya muda maji yakaendelea. Aliufuta mguu wangu kwa taulo polepole, akaniombea sala fupi, tukakumbatiana. Ni wakati wa kuvaa viatu ndipo aliponiinamia.

"Dada Nanzia, hapo kisiginoni pana nini?"

"Mwiba, dokta. Wa ndiva."

"Wa lini?"

"Mwaka juzi huo."

Mama Tumaini, jirani yangu, alikuwa akimwaga beseni lake karibu yetu, akacheka. "Dokta, ukianza kuulizia miiba ya Suji hutarudi kwenu Mbeya!"

Chumba kizima kikacheka. Dokta Upendo naye alicheka, lakini hakuniachia mkono. "Jumatatu asubuhi uje zahanati," aliniambia. "Na uje na miguu yote miwili."

"Kwani mmoja ataufungia ndani?" akasema Mama Tumaini, na kicheko kikaanza upya.

Jumatatu nilikwenda nikidhani nitatolewa mwiba kwa vifaa vya serikali. Alinikalisha karibu na dirisha, yeye akakaa kwenye kigoda, akaweka mguu wangu mapajani mwake juu ya kitambaa. Akaufuta kwa spiriti kuona kama weusi utatoka. Haukutoka. Akamulika kwa tochi kutoka upande huu, kisha upande ule. Akaweka kitako cha penseli juu ya doa, na doa likakizidi sana. Kisha akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Lilianza likiwa kubwa kiasi gani? Limebadilika umbo? Limewahi kutoa damu bila kuchokonolewa? Ule mwiba wenyewe, uliuona ukitoka?

Hapo nikakumbuka vizuri. Nilikuwa nimeona damu na nilikuwa nimeona pini. Mwiba sikuwahi kuuona.

"Mguu wa pili," alisema.

Kwenye unyayo wa kushoto nina madoadoa ya kahawia. Akayatazama. "Haya je?"

"Hayo ni ya utotoni. Hata mama alikuwa nayo."

"Yamebadilika?"

"Yako vile vile."

"Basi hayo tuyaache kwa amani. Watu weusi wengi tunayo."

Alitazama kucha zangu moja moja, za mikono na za miguu, viganja, mgongo, hata kichwani alipangua nywele. Alinibonyeza kinenani akitafuta mitoki. Nilikuwa sijawahi kutazamwa na mtu namna ile, kwa utulivu ule, kama kitambaa cha thamani kinavyokaguliwa dukani kabla ya kukatwa. Nikaanza kuogopa.

"Dokta, ni nini?"

"Sijui," alijibu. Ndugu zangu, neno hilo lilinitisha na likanifariji kwa pamoja. "Mimi hapa naweza kushuku tu, na ninashuku. Hili limekua. Kingo zake hazilingani. Tazama rangi, hapa jeusi, hapa kahawia, hapa kama majivu. Na liko mahali ambapo saratani ya ngozi, kwa sisi weusi, hupenda kukaa. Nyayoni. Viganjani. Chini ya kucha."

"Saratani ya ngozi si wanaipata ndugu zetu wenye ualbino? Kwa sababu ya jua?"

"Wanaipata, na tunapaswa kuwalinda kweli kweli. Lakini ya namna hii haingoji jua. Inaweza kumkuta mtu ndani ya soksi."

"Basi likate. Hapa hapa, sasa hivi."

Akatikisa kichwa. "Nikilikata nusunusu nitawavurugia wanaotakiwa kulipima. Uende hospitali ya rufaa, Moshi. Wiki hii, dada. Sisemi kwamba ndiyo. Nasema tusikae tukikisia."

Nilirudi nyumbani kwa njia ya juu, ile ipitayo kwenye migomba, ili nisikutane na mtu. Kila hatua nilikuwa nakanyaga kisigino changu na kukifikiria. Sare za kwaya za makambi, ile mikutano yetu mikubwa ya kanisa, zilikuwa mezani, nyingine hazina mikono. Nilikaa kwenye cherehani, nikaweka mguu kwenye kikanyagio, na nikashindwa kukanyaga. Niliwaza, wakinikata huu mguu? Na kama tumechelewa hata kuukata, nani atamvalisha sare ya shule binti yangu mdogo? Nilijaribu kuomba. Maneno hayakuja. Nilisema tu, "Bwana, Bwana," kama mtu aliyesahau anachotaka dukani.

Habari hapa kwetu hutembea haraka. Mchana ule ule Shangazi akafika.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nimesikia mgeni amekutia kansa."

"Hajanitia. Amesema nikapimwe."

"Huyo katoka kwenye mpunga wao huko, anajua nini miiba ya ndiva? Mimi nimetoa miiba kabla mama yake hajazaliwa! Leta mguu. Leo nakwenda mpaka chini, nimekuja na wembe, nimeuchemsha."

Nitawaambia kilichokuwa moyoni mwangu. Nilitamani Shangazi awe ndiye mwenye haki. Nilitamani kwa nguvu zangu zote pawe na mwiba. Nikakaa kizingitini, jua likiwa juu kabisa, nikampa mguu.

Alivaa miwani yake. Kabla ya wembe, alianza na kidole gumba, kama anavyofanya akiutafuta mwiba ulikolalia. Mwiba ukibonyezwa ubavuni unachoma, na mwenye mguu anaruka. Huko nyuma, kwenye giza la jioni na uchovu wa ndiva, alikuwa akienda moja kwa moja kwenye weusi.

"Unachoma?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa je? Usinionee huruma, sema!"

"Hauchomi, Shangazi."

Alilizunguka doa lote kwa gumba lake, akibonyeza. Akauvuta mguu karibu na miwani. Kuku walikuwa wakiparua nyuma ya nyumba, nami nikawa nasikia pumzi zake.

"Tangu lini hauchomi?"

"Haujawahi kuchoma."

Alivua miwani. Kisha akaufunga wembe kwenye karatasi yake, polepole, akautia kwenye kanga. 

"Kesho tunashuka wote Same, tuendelee Moshi," alisema. "Tutapanda basi la asubuhi."

"Na sare za kwaya?"

"Wataimba hata na kanga. Mungu anawajua."

Ndugu zangu, kwangu mimi ukombozi ulianza pale. Dokta Upendo aliufungua mlango, lakini kama Shangazi angetumia ule wembe, ningemwachia. Ningekaa nyumbani na kidonda kikubwa zaidi na moyo uliotulia. Bwana aliuzuia mkono wa Shangazi kwa kazi ya Shangazi mwenyewe, kwa kile anachokijua kuliko sisi sote. Msifuni!

Moshi walinitazama kwa kioo kinachokuza, wakakata kinyama kidogo kwa ganzi, wakakipeleka maabara. Tukarudi nyumbani kungoja. Majibu yalipotoka, daktari wa Moshi alinieleza kwa upole. Ilikuwa saratani. Inaanzia kwenye zile chembe zinazotupa rangi, chembe alizotupa Mungu ili ngozi yetu ipendeze kama ilivyo. Kwangu zilikuwa zimeasi, lakini hazikuwa zimezama sana. Wangekata sehemu kubwa kuzunguka pale, washone ngozi ya pajani ifunike kisigino, na wachukue tezi ya kinenani waone kama ugonjwa umetembea.

"Mguu utabaki?" niliuliza.

"Tukikuta kingo safi, utabaki."

Walinifanyia upasuaji. Nililala wodini mguu ukiwa juu ya mto, nikitazama dari, na hapo ndipo maombi yalipoanza kuja. Nilijiona mle chumbani kwenye mabeseni, miaka yote ile, nikimwaga maji juu ya miguu ya dada zangu na kuifuta kwa haraka ili tuwahi kwenye mkate. Nikawaza, je, Bwana alipowaosha wanafunzi wake, hakuinua unyayo? Watu wale walitembea mavumbini siku nzima. Mavumbi yako chini. Lazima aliinua.

Kuna ndugu mmoja wa kanisani aliniuliza, bila ubaya, kwa nini sikubaki nikaombewa kwanza. Nilimwambia maombi yangu yalikuwa yameshajibiwa, na jibu lilikuwa limeshika taulo. Nilikuwa naomba Mungu aniangalie. Akamtuma mtu mwenye macho, akamweka mguuni pangu.

Nilipoanza kutembea kwa magongo niliwahi ibada ya Meza ya Bwana iliyofuata. Nilikaa tu pembeni, mguu umefungwa. Nikawaona akina mama wa Suji, watu wa adabu, wanapinduana nyayo! Wanainamiana, wanashika tochi za simu. Mama Tumaini akamnyanyulia Dokta Upendo mguu wake mbele ya watu wote.

"Dokta, na huu wangu? Ni mwiba, ni kansa, au ni uzee?"

Dokta aliushika, akautazama kwa makini vile vile alivyoutazama wangu. "Huu ni mwiba, mama. Na huu hapa ni uzee."

Tulicheka mpaka shemasi akagonga mlango. Na Shangazi Namkunda siku hizi ukimpelekea mguu, anakuuliza kwanza unachoma au hauchomi, na mchana kweupe. Asiyejibu vizuri anapelekwa zahanati, na Shangazi anamsindikiza ili asikwepe.

Kwa hiyo ninawasihi, ndugu zangu, kwa upendo. Si kila weusi ni saratani. Madoa mengi ni yetu tu, tumezaliwa nayo au tumezeeka nayo. Lakini doa linalokua, linalobadilika rangi, mstari mweusi unaopanuka kwenye ukucha, kidonda kinachokataa kufunga, msikikalie. Msikichokonoe, msikipake dawa ya jirani. Nendeni zahanati, mvue viatu, mvue na soksi, mseme, naomba unitazame. Mtumainini Mungu kiasi cha kukubali kutazamwa. Hakuna aibu anayoiogopa kwenye miili yetu, aliiumba mwenyewe.

Nimebakiza majibu ya mwisho, yale ya kingo na ya tezi. Niliyafuata Moshi na Shangazi, akabaki kwenye benchi la nje akiwa amekumbatia kikapu. Niliingia peke yangu. Daktari alikuwa mzee, mtu wa maneno machache. Aliufungua mguu, akautazama, akaibonyeza ile ngozi mpya kwa ncha ya kidole. Akabonyeza na kinenani. Ndipo akaketi.

"Kingo ni safi," alisema. "Na tezi ni safi."

Nililia, ndugu zangu. Nililia kwa sauti, na yeye akasubiri. Nilitaka kupiga magoti pale chini, akanishika bega akasema, "Mguu huo bado, mama. Shukuru ukiwa umekaa."

"Na cherehani, dokta?"

"Ngozi ikishakomaa, kanyaga. Polepole. Na uje kila nitakapokuita, nikutazame mwili mzima, maana kazi yetu haijaisha."

Nilisema ndiyo. Nilisema asante, nikaisema tena na tena, mpaka akatabasamu na kuniomba nimwite anayefuata. Nikachukua magongo yangu, nikafungua mlango. Kwenye kizingiti alisimama mzee mmoja, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, soksi imeningʼinia humo, uso wake umejaa kile nilichokuwa nacho mimi.

"Shikamoo, baba," nilimwambia. "Ingia. Anatazama vizuri."

Nikampisha akapita. Kisha nikaweka kisigino changu chini, taratibu, nikatoka, na mlango ukafungwa nyuma yangu.